Mwano ndani ya mwili wa binti yangu: nilivyoeleza saitokini kwa wakwe wa Igunga bila kutaja tumbo

Wakuu, wakubwa kwangu shikamooni, na wadogo nawaitikia marahaba mapema kabla hamjaniamkia.

Ninaandika kutoka Tabora mjini, Isevya. Mimi ni mjane na fundi wa sare za shule. Nitakayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na mengine niliyasema kwa kinywa changu. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu wakwe zangu nao wana simu na wanajua kusoma.

Nimejizuia kuandika tangu mwezi Julai, kwa kuwa nilitaka kwanza nione mwisho wake. Sasa nimeuona, na furaha niliyo nayo hainiruhusu kunyamaza.

Mnijue kidogo. Niliishia darasa la saba. Mume wangu alipofariki na eda yangu ikaisha, nilijiandikisha masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na wasichana ambao sare zao nilizishona mimi. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa tayari ni bibi, na Biolojia nikapata B.

Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo, kwa sababu bila ile B uzi huu usingekuwapo.

Sasa tuingie kwenye mada.

Binti yangu wa mwisho, nimwite Zuhura, ameolewa Igunga. Mume wake ni Masanja, afisa mifugo. Siku ya ndoa alisilimu akaitwa Musa, lakini kwao hakuna anayelikumbuka jina hilo. Wanaishi kwenye kaya ya baba yake Masanja, Mzee Shija, mfugaji na mkulima wa mpunga, ambaye zamani alikuwa kamanda wa sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa vijiji vyetu.

Ugonjwa wa Zuhura ulianza kwa mambo tunayoyajua wote. Tumbo kukata, upande wa kulia chini. Kuharisha. Homa za jioni. Nguo kumpwaya, na mimi kama fundi niliona mapema kuliko wote, maana vipimo vyake ninavyo kichwani.

Tukaambiwa amiba. Tukaambiwa taifodi. Ikashukiwa kifua kikuu cha utumbo, na hapo simlaumu mtu, kwa kuwa ugonjwa wake na huo hufanana mno.

Mitaani jibu lilikuwa moja: kinga imeshuka.

Basi kila aliyekuja kumwona alikuja na kitu cha kupandisha kinga. Mlonge. Mizizi. Asali ya Sikonge iliyokorogwa na unga ambao hata aliyeuleta hakujua vyote vilivyomo. Mimi mwenyewe nilituma mlonge kwa basi, pakiti baada ya pakiti.

Jumatano, tarehe 4 Juni, tulikuwa Mwanza kwa daktari bingwa wa tumbo, mwanamke ambaye kwa umri ni mwanangu. Kamera ya kuchungulia utumbo ilikuwa imeshaingia, vinyama vimeshachukuliwa na kupimwa. Akatukalisha, akasema, "Mama, huu si amiba wala kifua kikuu. Unaitwa ugonjwa wa Crohn. Na kinga ya Zuhura haijashuka. Imepanda, na haijui tena namna ya kushuka."

Wakuu, nilimwomba arudie.

Akarudia. Akaeleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wengi, na kwa kawaida kinga huwafahamu kama majirani. Kwa mgonjwa wa Crohn, seli za ulinzi huwaona majirani hao kama maadui, zikaanza kutoa protini ndogo sana za kupelekeana taarifa. Hizo ndizo saitokini.

Seli moja ikitoa saitokini, nyingine hupokea na kutoa za kwake. Ipo inayoitwa TNF, ambayo ni kama mkuu wao. Zipo za jamii ya interleukini, zenye namba: ya sita, ya kumi na mbili, ya ishirini na tatu. Zinaita seli za damu zije kupigana. Mishipa inafunguka, ukuta wa utumbo unavimba, unachubuka, unavuja. Ukivuja, bakteria wanapenya zaidi. Wakipenya, saitokini zinaongezeka. Duara halina mlango wa kutokea.

Nikamuuliza, "Daktari, na hizo homa na kukonda, navyo ni saitokini?"

Akaacha kalamu. "Mama, umesomea wapi?"

"Masomo ya jioni, Tabora."

"Ndiyo, ni hizo hizo. Interleukini ya sita husafiri na damu hadi kwenye ini na kwenye ubongo, ikaleta homa. TNF nayo huondoa hamu ya kula na kumkondesha mtu. Hata upungufu wake wa damu una mkono wao."

Sijui niwaelezeje furaha ile. Mwanangu alikuwa bado mgonjwa, lakini kwa mara ya kwanza mambo yote yaliyokuwa yakitutesa moja moja yalikuwa na mzizi mmoja, na mzizi huo ulikuwa na jina. Niliona kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Kisha akatushusha chini. Sehemu moja ya utumbo ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Vidonge alivyoanzishiwa vingetuliza moto kwa muda tu. Alitaka Zuhura aanze dripu ya dawa inayozuia TNF haraka iwezekanavyo baada ya vipimo, kabla utumbo haujaziba. Ukiziba, ni kisu.

Gharama tulikuwa na namna ya kuzipanga, hiyo si mada ya uzi huu.

Mada ni Mzee Shija.

Masanja alipompigia baba yake kumweleza, alifanya kosa la kusema ukweli mfupi mno: ni dawa ya kushusha kinga. Jibu lilikuja pale pale, nasi tukalisikia kwa spika: "Dawa ya kushusha kinga haimgusi mtu wa kaya yangu."

Kuna watakaosema hapa, si mngeendelea tu, ni watu wazima. Mnaosema hivyo hamjaoa wala kuolewa Usukumani. Masanja hawezi kumpeleka mkewe kwenye matibabu ambayo baba yake ameyakataa kwa kauli. Na Zuhura mwenyewe, nilipomwambia twende nyumbani Tabora nikamtibu mimi, alinijibu taratibu: "Mama, nataka kupona. Lakini nikishapona nataka kurudi kwangu. Nikiondoka bila radhi ya mzee, nitarudi kwa mlango upi?"



Kwa hiyo Jumamosi, tarehe 14 Juni, nilipanda basi la asubuhi, nikapitia Nzega hadi Igunga, nikiwa na saitokini zangu zote kichwani. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kimyakimya, mpaka abiria wa pembeni akadhani nasali, akapunguza sauti ya simu yake.

Hapa niweke maelezo kidogo kwa wasio wa kwetu. Kwa heshima ya Kisukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai uso kwa uso. Masanja ni msomi, lakini kwenye kaya ya baba yake hufuata. Alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Sebuleni tulikuwa mimi, Mzee Shija, Zuhura aliyeegemea ukuta, na Kulwa, dada mkubwa wa Masanja, anayeiongoza nyumba tangu mama yao afariki. Masanja akitaka kusema neno kwangu, alimwambia Kulwa, na Kulwa akaniambia mimi.

Na mambo ya chooni, mambo ya tumbo na yatokayo tumboni, mama mkwe hayataji pale mkwe wake anaposikia. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa kwenye mazoezi yangu ya ndani ya basi.

Mzee Shija alianza kwa uchokozi. "Karibu, mtu wa Unyanyembe. Ninyi wa Tabora, misafara ya zamani iliwazoesha kumpokea kila mgeni. Sasa mmempokea na huyu Crohn, mkaona haitoshi, mkamleta na Igunga."

"Mzazi mwenzangu, huyo mgeni tumemkuta kwako," nikamjibu. "Binti nilikuletea mzima."

Kulwa akaziba mdomo kwa kanga. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anakohoa ili asicheke.

Nikaanza somo. "Kuna protini ndogo zinazotolewa na seli za ulinzi. Zinapotolewa kule kwenye..." Nikakwama. "Kule kwenye sehemu ile."

"Sehemu gani?"

"Ile yenye maumivu."

"Iko wapi?"

"Mzee, ni pale pale."

"Pale wapi, mama? Nzega?"

Wakuu, B yangu ya Biolojia haikunisaidia kitu. Jaribuni ninyi kueleza ugonjwa wa utumbo bila utumbo.

Mzee akaacha utani. Uso ukabadilika. "Sikiliza, mzazi mwenzangu. Mimi hayo masomo sikuyasoma, lakini ulinzi naujua. Kaya ikivamiwa, huwapunguzi walinzi. Wewe unaniambia huyu binti ana adui ndani, halafu nikubali apunguziwe ulinzi. Na hapa nje watasemaje? Watasema ana ule ugonjwa wa kinga, na sisi tumemmalizia."

Zuhura akainamisha kichwa. Nami nikajua kwamba nikitoka pale bila kumjibu mzee kwa jambo analolijua, mwanangu atakatwa utumbo.

Lile neno "walinzi" ndilo lililonishika.

"Wewe ulikuwa kamanda," nikasema. "Mwano ukipigwa, anayeusikia hufanya nini?"

Mwano, kwa msioujua, ni yowe la hatari la Wasukuma na Wanyamwezi. Likipigwa, halibaki lilipopigwa.

"Anaupokeza," akasema mzee. "Anapiga na yeye, aliye mbele asikie. Anachukua upinde, anakimbia."

"Asiyekuja?"

"Anatozwa. Hakuna wa kukaa kitandani mwano ukilia."

"Umewahi kuona mwano umepigwa na mwizi hayupo?"

Mzee akajikuna kidevu. Kulwa akasema, "Baba, ile ya jirani."

"Kulwa, nyamaza."

"Si anauliza?"

Ikabidi aisimulie. Mtu wao mmoja, jina tuliache, alitoka kilabuni akakuta mlango umefungwa, akaruka ua wa nyumba yake mwenyewe. Mkewe akaona kivuli, akapiga mwano.

"Wakaja?" nikauliza.

"Vijiji vikaja."

"Wakamkuta mwizi?"

"Mwizi yupi? Walimkuta mwenye nyumba chini ya kitanda, analia."

"Basi wakarudi makwao."

"Warudi vipi?" Mzee sasa alikuwa amesogea mbele ya kiti. "Wa nyuma hawajui. Wanaona wa mbele wana pinde, wanasema jambo ni zito, wanapiga mwano upya. Wanaopokea kule mbali nao wanakuja. Mahindi yakakanyagwa yote. Ua ukaanguka, ghala likalala chini. Dume la mwenye nyumba likapigwa mshale."

"Kwa kosa gani?"

"Kukimbia."

Nyuma ya pazia mtu hakuweza tena kujizuia, akacheka waziwazi. Mimi sikucheka. Mzee alikuwa amenieleza, hatua kwa hatua, yale niliyoambiwa Mwanza. Hakuna mwizi. Yupo mwenyeji aliyedhaniwa mwizi. Mwano unaitikiwa, wanaokuja kuulinda mji ndio wanaoubomoa, na ua ukishaanguka kila kiumbe kinaingia, na kila kinachoingia kinapigiwa mwano mwingine.

"Mzazi mwenzangu," nikasema, "hayo ndiyo yanayompata Zuhura. Ndani yake kuna wenyeji, vijidudu vya kawaida ambavyo wewe unavyo na mimi ninavyo. Walinzi wake wamewadhania wezi. Mwano wao unaitwa saitokini. Walinzi hawajapungua. Wamejaa uani, na dume limeshapigwa mshale."

Mzee akamtazama Zuhura kwa muda mrefu.

"Siku ile," nikaendelea, "ulifanyaje mpaka kukatulia?"

"Niliweka watu wangu kwenye kila njia. Anayekuja anapokeza mwano, wanamshika pale pale, sauti isifike mbele. Waliokuwa uani wakakosa wa kuwaitikia. Wakachoka, wakaenda kulala."

"Uliwanyang'anya pinde?"

"Sasa kesho akija mwizi wa kweli?"

"Ulivunja sungusungu?"

"Unanitukana, mama."

"Basi ndiyo dawa hiyo. Inakaa njiani na kuukamata mwano mmoja mkubwa, unaoitwa TNF. Seli inaweza kupiga, lakini sauti haifiki sikioni."

Mzee Shija akageukia pazia. "Yaani Masanja aseme neno huko, nami nilikamate hapa mlangoni, lisimfikie Kulwa."

"Hasa."

"Mbona nimeshakamata mengi leo, kijana yuko kimya tu."

Hapo pazia likatikisika, Kulwa akasogea, akasikiliza, akarudi kwangu. "Shikamoo, anasema. Anauliza, mwano ukishazuiwa, na siku hiyo mwizi wa kweli akaja, nani atasikia?"

Wakuu, hilo ndilo swali hasa, na singeweza kulikwepa.

Nikajibu kwa ukweli. Nikasema marahaba, tena nikasema kwamba hatari hiyo ipo. Dawa hii inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa sababu TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kukifungia. Ndiyo maana Zuhura hapati dripu kabla ya kupimwa kifua kikuu, homa ya ini na VVU. Akianza, homa yoyote si ya kungoja nyumbani. Mwano mwingine upo, haujazuiwa wote, lakini ulinzi utakuwa pungufu na inabidi macho yawe wazi.

Kulwa akapeleka jibu, ingawa pazia ni kitambaa tu na Masanja alikuwa amesikia kila kitu.

Mzee akauliza, "Na hii mizizi tunayompa ya kupandisha?"

"Daktari anasema tuache."

"Mlonge wako je?"

"Na mlonge wangu."

"Maana ni kupelekea ngoma watu ambao tayari wanapiga mwano," akasema, akionekana kuridhika kwamba kosa lilikuwa la Tabora pia.

Kisha akamuuliza Zuhura mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu asubuhi. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

"Nataka niende, baba. Na nataka unipeleke wewe."

Nilisikia mbuzi nje wakigombania maganda.

"Kulwa," mzee akasema, "mwambie mdogo wako atafute tiketi. Na mimi nimo."

"Baba, amesikia."

"Mwambie."

(Naendelea, niliitwa dukani, kuna mzazi analalamika kaptula imebana. Kaptula haijabana, mtoto amekua.)

Nimeona mjumbe mmoja hapa chini anauliza kama dawa hii inaponya kabisa. Hapana, mkuu. Crohn haina tiba ya kuifuta. Inatulizwa. Na si kila mgonjwa hukubaliana na dawa hii. Wengine mwano wao mkubwa ni interleukini ya ishirini na tatu, nao wana dawa za njia hiyo. Daktari ndiye anayeamua, si mimi wala uzi huu.

Mwingine anauliza chanzo. Alichotuambia daktari ni kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo fulani, kisha mazingira na wale wenyeji wa utumbo wakachangia. Hakuna aliyemroga Zuhura, na hakula kitu kibaya harusini.

Vipimo vilitoka salama. Dripu ya kwanza aliipata Jumatatu, tarehe 7 Julai. Mzee Shija alikaa kwenye benchi la nje na fimbo yake, na alimuuliza kila muuguzi aliyepita kama TNF imeshakamatwa.

Sikuamini haraka. Nimezika mume, najua matumaini yanavyoweza kumtania mtu. Lakini wiki ya pili homa za jioni zilikatika. Baada ya dripu ya pili alinipigia simu kusema analala usiku kucha. Kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani kikashuka. Mwezi Oktoba kamera ikaingia tena, na yule daktari wangu wa Mwanza akanionyesha picha mbili kwenye kompyuta, ya Juni na ya Oktoba. Ya Juni ilikuwa na vidonda, kama barabara ya changarawe baada ya mvua. Ya Oktoba ilikuwa ya waridi, laini, na ile sehemu nyembamba imefunguka bila kisu.

Nilimwomba anionyeshe tena. Akanionyesha. Sioni haya kusema kwamba nililia, na daktari naye akawa anatafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwapo.

Jumapili iliyopita nilikwenda Igunga. Zuhura ndiye aliyenifungulia lango. Gauni nililomshonea kabla hajaugua lilikuwa limemkaa sawasawa. Alikuwa ametoka kupepeta mpunga na wifi yake, jasho linamtoka, na ananung'unika kuhusu Kulwa kama wanavyonung'unika mawifi wote wenye afya. Mzee Shija alikuwa uani na wageni wawili waliokuja kuulizia mtoto wao anayeharisha na kukonda. Nilimkuta ameshafika kwenye sehemu ya dume kupigwa mshale, na hakutaka kukatizwa. Kisha akawaambia kwa ukali, "Lakini mimi si daktari. Nendeni kwenye kamera."

Nilichojifunza ni hiki. Tumezoea kuiomba kinga ipande, kana kwamba juu ndiko kuzuri siku zote. Kinga njema ni ile inayojua kunyamaza. Mgonjwa wako anayeharisha kwa miezi, anayekonda, mwenye homa zisizoeleweka, usimlundikie vya kupandisha kinga. Mpeleke apimwe na bingwa wa tumbo. Na mkiambiwa neno geni, msione aibu kuuliza hadi lieleweke na mwenye kauli nyumbani kwenu, kwa lugha ya maisha yake mwenyewe. Mimi nimelielewa vizuri zaidi siku nilipolazimika kulieleza kuliko siku nilipoambiwa.

Nawakaribisha wenye ndugu wanaougua Crohn au kidonda cha utumbo mpana waandike hapa walivyotambuliwa na wanavyoendelea. Madaktari mliomo, mnisahihishe nilipoteleza, nitashukuru na nitajibu kila mmoja, isipokuwa saa ya kufungua duka. Na kama kuna ambaye nyumbani kwao wamekataa dawa kwa sababu ya hilo neno "kushusha kinga", aniandikie. Mzee Shija amenipa ruhusa ya kutoa hadithi yake, ila amesema nisisahau kutaja kwamba watu wa njiani aliwapanga yeye.